Nyota nne kwa mafundi walionichimbia laini ya stima Likoni

Nyota nne kati ya tano. Aliye na haraka aishie hapo aende zake. Nyota ya tano imebaki ndani ya mtaro, pale mkokoteni wa mteja wangu ulipotumbukia jioni, na kipande chake kingine kimebaki kwenye karatasi moja nitakayoieleza mwisho.

Nina kiwanda cha barafu Likoni, upande wa Shelly Beach. Ni barafu ya mapande, ile inayogandishwa makoponi ndani ya tangi la maji ya chumvi, si hii ya vijiwe vya hotelini. Wateja wangu ni wavuvi na wachuuzi wa samaki kuanzia hapa hadi Gazi na Msambweni, na kaskazi ikivuma vizuri hata wa Shimoni hunifikia. Marehemu baba alianza na kompresa ya kilowati 37. Sisi watoto tukajifanya wakubwa, tukanunua ya kilowati 75, tukaifunga kwenye kebo ileile ya baba. Transfoma yetu iko langoni: zinaingia kilovolti 11, zinatoka volti 415. Kutoka langoni hadi chumba cha mitambo ni mita 140, na katikati pana njia ya malori na mwembe wa baba ambao hakuna aliyezaliwa wa kuugusa.

Mwaka jana mwezi wa tano, mvua imeshika, kijana wangu mmoja aliweka mkono kwenye pampu inayozungusha maji ya chumvi. Ilimrusha. Alianguka chali kwenye sakafu iliyolowa, ndara moja huku nyingine kule. Alhamdulillahi, alikuwa ameigusa tu, hakuikamata. Angeikamata ningekuwa naandika mambo mengine. Tulimpeleka akapimwa moyo, akalala siku moja, akarudi. Lakini jambo lililoninyima usingizi ni hili: hakuna fyuzi iliyokatika wala breka iliyoruka. Kijana yuko chini anatweta, na ile pampu inaendelea kuzunguka kama haijafanya kitu.

Fundi aliyekuwa akitushughulikia alikuja, akapima, akasema koili ya mota imegusa bodi, yaani ganda la chuma la pampu. Sawa. Nikamuuliza mbona fyuzi haikukatika. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya ukuta, akanionyesha fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini, ile wanayoiita athi. “Mama, athi ipo, hii hapa, naishika kwa mkono wangu.” Na kweli alikuwa ameishika. Nilimlipa, nikamwaga kwa heshima, nikaanza kutafuta watu wengine.

Wa kwanza walinipa bei nzuri sana. Wangevuta nyaya nne mojamoja, kila mmoja ndani ya bomba lake la chuma, na kuongeza fimbo nyingine ya athi, “ya shaba tupu, mama, si hii iliyopakwa.” Wa pili alikuwa mtu wa maneno machache: laini haina haja ya kuguswa, tuunganishe tu nyutro, ule waya wa kurudisha stima, na athi kwenye bodi ya swichi ya kule kiwandani, kazi ya nusu saa. Wa tatu ndio ninaowasifu hapa. Ofisi yao iko Shimanzi, ghorofani juu ya duka la vipuri vya malori. Jina lao silitaji kwa kuwa injinia mwenyewe kaniomba. Anasema ana kazi za kumtosha hadi kaskazi ijayo na hataki simu za watu wa bei. Mwenye kiwanda kweli anitumie ujumbe, nitamwelekeza.

Huyu injinia hakuja na bei. Alikuja na begi la vipimo na mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya vito, ambaye siku hiyo sikumsikia akisema neno. Leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati, aliitoa kabla sijaiuliza, jambo ambalo wale wawili hawakulifanya hata nilipouliza. Akaomba kompresa iwashwe na mitambo yote ifanye kazi kama siku ya Alhamisi, siku yangu ya kuuza sana. Akapima langoni: volti 414. Akatembea hadi chumba cha mitambo, akapima: 387.

“Mama, hapa njiani pamelala volti 27,” akasema.

Nikamwambia aseme kiswahili. Akachukua daftari langu la risiti, akaligeuza nyuma. Kebo ya baba ni ya milimita mraba 35. Kebo ya shaba ya unene huo, kwa kila mita moja na kila ampea moja, hupoteza kama sehemu 1.15 ya elfu ya volti. Mitambo yangu yote ikiwaka inavuta ampea 170. Zidisha kwa mita 140. Nilipiga mwenyewe kwenye simu nikapata 27 na ushei, sawasawa na kile kipimo chake. Kanuni za Uingereza ambazo mafundi wetu huzifuata zinaruhusu asilimia 5 kwa mitambo, ambayo kwa volti 415 haifiki hata 21. Kumbe ule mnung’uniko wa kompresa niliouzoea miaka mitatu, nikiudhani ni tabia ya mashine za mtumba, ulikuwa ni njaa. Mota ikikosa volti huvuta ampea zaidi ili ifanye kazi ileile, ampea zikizidi kebo inachemka, na bili ya joto hilo nalipa mimi.

Kwa kebo ya 70 upotevu ungekuwa volti 14. Kwa ya 95 hauzidi 11. Nikasema basi tuweke 70, maana shaba ni pesa. Hapo akanijibu jambo ambalo sikulitarajia: zile jedwali za uwezo wa kebo zimehesabiwa kwa udongo wa nyuzi joto 20. Udongo wa Likoni haujui nyuzi 20 tangu Adamu. Ukifika 30, uwezo unaupiga kwa 0.93, na kebo ya chini ya ardhi haina upepo wa kuipooza, joto lake linatoka kupitia mawe. Halafu kompresa yangu inawashwa kwa staa-delta, swichi inayoiamsha mota kwa nguvu ndogo kwanza, lakini siku staa-delta ikiharibika, nawajua vijana wangu, wataiunga moja kwa moja kwa kuwa wavuvi wako foleni. Hapo mota hudai ampea mara sita au saba ya kawaida yake. “Sikuwekei kebo ya siku njema,” akasema. Tukaandika 95.

Basi tukafika kwenye fimbo, na hapa ndipo nilipomkubali.

Alitaka kuipima. Kipimo chenyewe kinahitaji vijiti viwili vingine vipigwe ardhini kwa mbali, na ardhi yangu ni tumbawe tupu, nyundo inaruka. Yule mzee mwenye kofia akaondoka kimya, akarudi na magunia mawili yaliyolowa maji ya chumvi ya tangi langu, akayalaza juu ya mwamba, akaweka kipande cha bati juu ya kila gunia na kufunga waya. Kipimo kikakubali. Omu 64, yaani kipimo cha upinzani wa ardhi kwa stima, na hiyo ni mvua imenyesha wiki nzima.

“Sasa hesabu mwenyewe,” injinia akaniambia. Volti 240 kati ya fezi, waya unaoleta stima, na ardhi. Upinzani ni 64 za hapa, ongeza kama 2 za langoni kwa transfoma. Gawanya. Ampea 3.6. “Na fyuzi yako ya laini ni ya ampea ngapi?” Mia mbili. Ile ya pampu peke yake ni 32. Fyuzi ya 32 ukiipelekea ampea tatu na nusu, haijui hata kama umebisha hodi. Na volti zote zile, karibu 233, zimebaki kwenye bodi ya pampu zikimngoja mtu.

Nikamwambia, lakini mimi tangu utoto nimesikia kwamba stima ikivuja inaingia ardhini, ndiyo maana ya athi. Akacheka. “Stima haitafuti udongo, mama. Yatafuta ilikotoka.” Ilikotoka ni transfoma, langoni, mita 140. Udongo ni njia moja tu ya kurudi, nayo ni njia mbovu, ya mchanga na mawe. Ukitaka fyuzi ikatike kwa kishindo, mpe huyo mgeni barabara ya lami ya kumrudisha kwao: waya mnene wa athi unaolala pamoja na kebo, kutoka bodi ya kila mota hadi kwenye transfoma. Alinieleza kwamba kanuni za umeme za Marekani zimeliandika hili waziwazi, kwamba ardhi isihesabiwe kuwa njia ya kurudisha stima ya hitilafu. Basi fimbo ni ya nini? Ya radi, na ya siku ile Mungu aepushe waya wa kilovolti 11 ukaangukia upande wa 415, na ya kuishikilia ile nyutro ya transfoma isielee. Kazi hizo ni za kweli. Kazi ya kukata fyuzi ya pampu si yake.

Nakiri nilijisikia mjinga na nilifurahi kwa wakati mmoja. Miaka ishirini nalipa watu wa kunipigia fimbo.

Nikamtajia yule wa nusu saa, wa kuunganisha nyutro na athi kule kiwandani. Injinia akakunja uso kama aliyeuma pilipili mbuzi. Kweli fyuzi ingekatika, alisema, lakini kuanzia siku hiyo stima ya nyutro ingekuwa na njia mbili za kurudia, moja ikiwa mabomba yangu, tangi langu na chuma chochote kinachofika langoni. Na siku nyutro ya laini ikikatika, kila bodi ya chuma kiwandani inapanda stima kwa pamoja, pampu, tangi, hadi kitasa cha ofisi. Nyutro na athi zinakutana mahali pamoja tu, kwenye bodi kuu ya swichi kando ya transfoma, kisha zinaachana kama mtu na mtalaka wake. Na wale wa mabomba manne ya chuma? Hapo hata yule mzee aliguna. Waya mmoja wa fezi ukiwa peke yake ndani ya bomba la chuma, sumaku yake inalipasha bomba moto kama sufuria. Fezi zote tatu na nyutro zikiwa pamoja, sumaku zao zinafutana. Kwa hiyo bei nzuri ile ilikuwa ya jiko la mita 140.

Kazi ilipangwa Juni na Julai. Kusi ikiwa imeshika, ngalawa hazitoki sana, barafu hainunuliwi, ndio wakati wangu wa kuumwa na meno na kujenga. Kebo ilikuwa ya nyuzi nne za shaba, yenye deraya, yaani ile iliyovikwa nyaya za chuma juu yake kabla ya ngozi nyeusi ya nje. Rola lake lilikaribia tani. Sikutaka kuliona kwenye feri kati ya watu na mikokoteni, na dereva naye hakutaka. Lori likazunguka Dongo Kundu.

Kuchimba ndiko kulikotuua. Kwenye ramani ni mtaro wa sentimita 60 kwenda chini, na karibu mita moja pale malori yanapopita. Kwenye ardhi ni tumbawe ambalo linakuruhusu sindano moja kwa siku. Mashine ya kutobolea mawe ilianza saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, majirani wakaja mmojammoja, wa mwisho akaja na mtoto mchanga begani ili nimwone kwamba halali. Nilimpa barafu ya bure wiki nzima na nikaona aibu. Wachimbaji walivunja ncha tano za mashine, na mbili kati ya hizo niliziona baadaye kwenye ankara. Sikuzilipa. Mwamba ulikuwepo siku waliyokuja kupima, walitakiwa wauone.

Kulikuwa pia na suala la mchanga. Kebo haiwezi kulazwa juu ya tumbawe lenye meno; inatandikiwa mchanga laini chini na kufunikwa mchanga laini juu. Kijana wao mmoja, aliyeona bahari iko umbali wa kutema mate, alikuja na mikokoteni miwili ya mchanga wa pwani. Mweupe, mzuri, bure. Injinia aliurudisha wote. Mchanga ule una chumvi, na siku ngozi ya kebo ikipata mkwaruzo mdogo tu, chumvi inakula deraya. Wakaleta wa mtoni kwa lori. Juu yake vigae vya kukinga, halafu udongo, halafu utepe wa manjano wa kuonya mchimbaji wa kesho. Penye njia ya malori kebo imepita ndani ya bomba la plastiki nene, na wameacha bomba jingine tupu kando yake, na kamba ndani. Nilipouliza la nani, injinia akasema ni la kompresa nitakayoinunua bila kumwuliza.

Mwembe tuliuzunguka. Kebo nene kiasi hicho haikunjwi kama kamba ya chupi, inataka kona ya mzunguko mpana, kwa hiyo mtaro ulivimba upande mmoja na kuongeza mita sita. Hakuna aliyelalamika. Siku ya kuvuta walikuja wanaume kumi na wanne, rola likawekwa juu ya vyuma langoni, magurudumu madogo yakapangwa mtaroni, na mzee mwenye kofia, yule bubu wangu, ndiye aliyetoa wimbo. Haaarambee! Kumbe ana sauti. Kebo iliingia asubuhi moja.

Siku walipofungua kebo ya zamani niliitwa nije nione. Na ile ya baba ilikuwa na deraya, nyaya za chuma nzuri tu, mita 140 zima zima. Lakini langoni aliyeifunga alikuwa amezikata na kuzizungushia utepe mweusi, na kule kiwandani vivyo hivyo. Hazikugusa kitu upande wowote. Njia ya kurudi ilikuwa imelala pale ardhini miaka yote ile, imekatwa ncha mbili, na utepe ule, ukienda dukani leo, haufiki bei ya chai na mahamri. Nilikaa kwenye ndoo nikautazama. Sijui aliyeifanya kazi ile, wala sitaki kumjua.

Basi ndio maana sikumharakisha mzee alipofunga glandi. Glandi ni kile kikombe cha shaba nyeupe kinachoibana kebo inapoingia kwenye bodi, na ndani yake nyaya za deraya zinabanwa pande zote kama mbavu za mwavuli. Alitumia nusu siku kwa glandi mbili. Alikwangua rangi ya bodi pale glandi inapokaa hadi chuma kikang’aa, kwa sababu rangi haipitishi stima, kisha akafunga kishikio cha shaba cha waya wa athi. Nilimletea kahawa. Akainywa akiwa amesimama, anaiangalia glandi. Mbali na deraya, waliweka waya mwingine wa athi wa kijani na manjano, shaba ya milimita mraba 50, nusu ya unene wa fezi kama jedwali linavyotaka, ukalala mtaroni bega kwa bega na kebo. Tangi, mabomba, reli ya winchi ya makopo, vyote vimeunganishwa humo. Soketi za kuoshea sakafu zimepewa breka inayohisi mvujo wa miliampea 30, ambayo haingoji fyuzi.

Ile fimbo ya omu 64 waliiacha pale kama kumbukumbu, nadhani. Kwa athi ya transfoma walichimba shimo jembamba mita 14 kwenda chini hadi kwenye maji ya magadi, yale yaliyomshinda baba kunywa alipochimba kisima. Wakateremsha waya wa shaba, wakamimina udongo wa bentonaiti uliokorogwa kama uji. Omu 1.9. Maji yaliyotunyima chai yametupa athi.

Siku ya kuwasha, kiwanda kilisimama. Mkataba ulisema kisimame kwa muda wa saa kumi; kilisimama siku mbili. Nilipoteza barafu ya tangi zima na sikunyamaza. Lakini niseme ukweli, sehemu ya muda huo ilikwenda kwenye kupima, na walinipimia mbele yangu. Megga, kipimo cha kuona kama stima inavuja kati ya nyaya, ya volti 500 kati ya kila waya na mwenziwe, kila waya na athi, namba ikaandikwa. Kanuni inaridhika na megaomu 1, yetu ilikuwa mamia. Halafu kipimo nilichokingoja, cha mzunguko mzima wa hitilafu, kutoka chumba cha mitambo kwenda langoni na kurudi. Omu 0.09. Injinia akanipa simu yangu mwenyewe nipige hesabu: 240 gawanya kwa hiyo. Zaidi ya ampea 2,600. Breka mpya ya laini ni ya 200 na sumaku yake imewekwa iamke kwenye 2,000. Kutoka tatu na nusu hadi elfu mbili na mia sita, kwa kiwanda kilekile, wavuvi walewale.

Volti kwenye kompresa ikiwa na mzigo wote: 403. Mnung’uniko umekwisha. Usiku wa kwanza nilishindwa kulala kwa ukimya.

Sasa mkokoteni. Juma la pili la kuchimba, waliondoka jioni wakaacha mtaro wazi kwenye njia ya malori, wamezungushia kamba tu, bila taa. Mchuuzi wangu mmoja wa samaki alikuja na mkokoteni wake, akaiona kamba, akadhani ni ya kuanikia nguo za vijana. Gurudumu likaingia, mapande sita yakaingia, yeye akabaki juu akinitaja jina. Hakuumia. Nilimlipa mapande na gurudumu, nikakata kwenye ankara ya Shimanzi, na injinia hakubisha, akaleta mbao na taa kesho yake. Angezileta jana yake ningempa tano. Rundo la tumbawe nalo lilikaa langoni wiki tatu hadi nikatishia kuwauzia watu wa kujenga fensi.

Kuhusu bei: kebo ilikula zaidi ya nusu. Walikuwa ghali kuliko wale wa mabomba na ghali mno kuliko wa nusu saa. Malipo walitaka mafungu matatu, la mwisho baada ya vipimo, na hilo lilinipa moyo.

Februari mwaka huu, kaskazi kavu, jua la kukausha pweza, walirudi bila kuitwa. Injinia alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba athi ipimwe wakati ardhi imekauka, kwa kuwa kila athi ni nzuri siku ya mvua. Magunia yaleyale, maji yaleyale ya tangi. Omu 2.3. Fimbo ya zamani, kwa udadisi wangu tu, ilivuka 100. Kijana wangu aliyerushwa alikuwepo, ndiye aliyeshika gunia.

Na ndiyo siku waliyoniletea mchoro. Niliudai tangu Julai: mchoro wa wapi kebo imepita, kina gani, kwa sababu mimi nitakufa na mtu atakuja na sururu. Umechorwa vizuri, umefunikwa plastiki, vipimo vyote vya kona vimechukuliwa kutoka kwenye mti. Ila mti wenyewe wameuandika mnazi. Nina minazi mitatu uani. Nimeurudisha Shimanzi wakaandike mwembe, na hii ni wiki ya tano.